Mabua, Magunzi na Magugu: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Nishati kwa Mimea Isiyoliwa

Kabla hujatafuta pipa wala kuchimba shimo, chukua konzi ya malighafi uliyo nayo, uiminye. Ikitoa maji, hiyo ni ya kutengenezea gesi. Ikivunjika kwa mlio, ni ya mkaa. Ikiacha mafuta viganjani, ina njia yake ya tatu, nayo tutaigusa kidogo. Watu wengi huanza kinyume: wamesikia habari za ethanoli (pombe inayotumika kama mafuta) au dizeli ya mimea, kisha wanahangaika kutafuta mmea wa kulazimisha uingie humo. Fedha hupotelea hapo.

Kinachoamua ni maji. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke, ukihesabu na kuyapasha kutoka joto la kawaida, hula takriban megajuli 2.6 (megajuli ni kipimo cha nishati). Kilo moja ya mabua makavu hubeba megajuli 15 hadi 18. Sasa tazama magugu maji, ambayo zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Ndani ya kilo 10 za magugu mabichi mna mmea mkavu usiozidi kilo moja, na kuyakausha kwa moto kungekula zaidi ya megajuli 23. Umetumia nishati nyingi kuliko utakayoipata. Magugu hayohayo ukiyatia kwenye mtambo wa gesi, maji yale yanakuwa msaada badala ya mzigo.

Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya briketi, yaani mkaa uliosagwa na kushindiliwa, kwa sababu ndiyo njia ambayo mtu mwenye vifaa vichache anaweza kuianza na kuimaliza mwenyewe. Gesi inafuata kwa ufupi zaidi. Ethanoli nitaeleza kwa nini uiachie viwanda.

Hatua ya 1: Chagua malighafi

Magunzi ya mahindi, vifuu vya nazi, maganda ya karanga, mabua ya mtama na ya pamba, makapi ya miwa, vumbi la mbao, nyasi ndefu zilizokomaa: vyote vinafaa, lakini havilingani. Tofauti kubwa iko kwenye majivu. Vifuu na vumbi la mbao huacha majivu machache sana, kwa kawaida chini ya asilimia moja. Magunzi huacha asilimia moja hadi tatu. Makapi ya mpunga yanafikia asilimia 15 hadi 20, na sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika, madini yaleyale ya mchanga. Ukishachoma, kiasi hicho chote cha majivu kinabaki huku uzito wa mmea ukipungua, kwa hiyo mkaa wa makapi ya mpunga unaweza kuwa na majivu yanayokaribia nusu ya uzito wake. Utumie kama nyongeza kwenye mkaa wa magunzi au vifuu, usiutegemee peke yake.

Kitu kisicholiwa na mtu huenda kinaliwa na ng'ombe, na kisicholiwa na ng'ombe huenda kinahitajiwa na udongo. Mabua yanayobaki shambani huzuia mmomonyoko, hutunza unyevu na huoza kuwa mboji. Ndiyo maana naona heri kuanza na vitu vinavyorundikana penye kupukuchulia, kukobolea au kupasulia mbao, ambavyo aghalabu huishia kuchomwa bure. Mabua yawe ya mwisho, na hata hapo uache sehemu kubwa shambani.

Usiguse mbao zilizopakwa rangi au dawa ya kuzuia mchwa, mbao za gundi, takataka zenye plastiki, wala mimea yenye utomvu wa sumu. Sumu hiyo itakufuata hadi jikoni.

Hatua ya 2: Kausha

Lenga unyevu usiozidi asilimia 15. Njia ya uhakika ni kupima gramu 100 za malighafi iliyokatwakatwa, kuitia kwenye oveni yenye nyuzi 105 za Selsiasi na kuipima tena na tena hadi uzito uache kushuka. Ikiwa imebaki gramu 86, unyevu ulikuwa asilimia 14. Asiye na oveni atumie chumvi: weka konzi moja ya chumvi kavu kabisa pamoja na malighafi iliyokatwakatwa ndani ya chupa ya kioo iliyo kavu, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, acha itulie kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado ni mbichi. Ikibaki huru, unaweza kuendelea.

Anika juu ya turubai au chanja. Ukianika chini utazoa mchanga, na mchanga hauungui.

Hatua ya 3: Choma bila kuunguza

Hatua hii ndiyo inayowashinda wengi, nayo inastahili maelezo marefu.

Mmea ukipashwa moto mahali penye hewa chache hauteketei, unavunjikavunjika. Kwanza maji hutoka, kwenye nyuzi 100 hivi. Kisha hufuata vitu vitatu vinavyoujenga mmea: hemiselulosi, selulosi na lignini. Kati ya 200 na 300 hemiselulosi huanza kuachia mvuke na gesi. Selulosi hufuata, hasa kati ya 300 na 400. Lignini ndiyo sugu, huvunjika polepole katika kipindi chote hicho na kuendelea juu zaidi, na ndiyo inayoacha kaboni nyingi. Ukifika nyuzi 400 hadi 500 ukaziba hewa, unabaki na mkaa. Hewa ikiendelea kuingia, utabaki na majivu.

Tafuta pipa la chuma la lita 200. Lisiwe lililowahi kubeba dawa za mashamba au kemikali za viwandani. Lililobeba petroli au mafuta mengine usilikate kwa moto wala kwa msumeno wa umeme, maana mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka hata kama pipa linaonekana tupu. Toboa kitako chake matundu kumi au zaidi, kila moja likiwa na upana wa sentimita nne au tano. Juu acha uwazi mpana, na uwe na bamba la chuma la kuufunika vizuri.

Weka pipa juu ya mawe matatu, mahali pa wazi, mbali na nyumba na nyasi kavu, nawe usimame upande unakotoka upepo. Simamisha mti mnyoofu katikati ya pipa, jaza magunzi kuuzunguka, kisha uuchomoe ili ubaki mwanya wa hewa kutoka chini hadi juu. Washa juu, si chini, kwa nyasi kavu. Moto ukianzia juu hushuka taratibu, na moshi unaotoka kwenye magunzi ya chini hulazimika kupita kwenye ndimi za moto na kuungua humo. Ukiwasha chini, moshi wote utatoka mbichi na kujaa mtaa mzima.

Sasa soma moshi. Mwanzoni ni mweupe na mzito, kwa kuwa una mvuke mwingi wa maji. Kisha hugeuka wa manjano, mchungu, unaowasha macho. Hizo ni lami na asidi. Baadaye hupungua na kuwa wa samawati, mwembamba, unaokaribia kutoonekana. Wakati huo magunzi yatakuwa yameshuka sana ndani ya pipa. Ndiyo dakika ya kufunga, na usiichelewe. Ondoa mawe kwa nguzo ili pipa likae chini, rundika udongo kulizunguka, funika juu na uzibe kila upenyo kwa mchanga uliolowa. Moshi ukiendelea kuchuruzika mahali, hewa inaingia mahali: ziba.

Acha lipoe hadi kesho yake. Pipa linaweza kuwa baridi kwa nje huku ndani mna kaa jekundu linalosubiri hewa. Ukishalifungua, tandaza mkaa juani na uuangalie kwa siku nzima kabla ya kuutia kwenye magunia, kwa sababu mkaa mpya hunyonya oksijeni na unaweza kujipasha hadi kuwaka. Maghala yameungua kwa namna hiyo.

Mkaa mzuri ni mweusi tii, mwepesi, hulia kama kigae ukigonganishwa na huvunjika kwa urahisi. Wenye rangi ya kahawia haujaiva; urudishe kwenye pipa la awamu ijayo. Wenye kijivu umeungua kupita kiasi. Kwa kilo 100 za malighafi kavu tarajia kilo 20 hadi 30 za mkaa. Ukipata chini ya 15, unachelewa kufunga.

Vumbi la mbao na makapi ya mpunga hayafai kwa pipa hili, kwa sababu hushikamana na kuzuia hewa. Kwa hayo, toboa kopo kubwa la chuma vitundu vingi ubavuni, ulifunge bomba refu la kutolea moshi, uliweke juu ya moto mdogo, kisha urundike makapi kulizunguka. Yataiva kuanzia ndani. Weusi ukianza kujitokeza juu ya rundo, geuza kwa koleo, na yote yakishakuwa meusi nyunyizia maji ya kutosha na uyatandaze. Ukisita hata robo saa hapo mwishoni, meusi yanakuwa meupe.

Moto huu usiuwashe ndani ya jengo, hata lenye madirisha. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na inaua.

Hatua ya 4: Saga na chekecha

Twanga kwenye kinu au saga kwa mashine hadi chembe zisizidi milimita tatu. Usisage zote ziwe unga laini. Mchanganyiko wa chembe ndogo na kubwa kidogo hushikana vizuri, kwa kuwa ndogo hujaza nafasi zilizo baina ya kubwa. Nyunyizia maji kidogo wakati wa kusaga ili vumbi litulie, na uvae barakoa. Vumbi laini la mkaa likitanda hewani karibu na moto linaweza kulipuka, kwa hiyo jiko liwe mbali.

Hatua ya 5: Kishikizo

Mkaa hauna gundi yake mwenyewe. Lignini iliyokuwa ikishikilia mmea imeshaungua. Lazima uongeze kitu.

Wanga ndio kishikizo kinachosifiwa zaidi, na miongozo mingi itakuambia utumie unga wa muhogo, asilimia tano hadi nane ya uzito wa mkaa. Unafanya kazi vizuri, sikatai. Ila ikiwa lengo ni kutogusa chakula, kuna maganda ya mihogo yaliyokaushwa na kusagwa, ambayo bado yana wanga wa kutosha. Kwa kuwa wanga wake ni mchache kuliko wa muhogo wenyewe, ongeza kipimo hadi kama asilimia kumi. Pikia mahali penye hewa na uzuie mifugo isile maganda mabichi, maana yana sumu ya sianidi.

Koroga unga huo kwanza katika maji baridi, kisha uumimine kwenye maji yanayochemka huku ukikoroga hadi upate uji unaovutika. Wanga hauanzi kushika mpaka upite nyuzi 60 au 70. Anayeumwagia mkaa wanga mbichi na maji baridi atapata briketi zinazobomoka, na atadhani tatizo ni mashine.

Udongo wa mfinyanzi nao hushika, lakini hauongezi joto, unaongeza majivu tu. Usizidishe sehemu moja kwa mkaa sehemu kumi. Faida yake ni kwamba briketi huungua polepole, jambo linalowafaa wanaopika vitu vya kuchemka muda mrefu. Molasi, yaani masalia mazito ya kutengeneza sukari, hushika vizuri ila hutoa moshi mwanzoni na hunyonya unyevu wa hewa wakati wa kuhifadhi.

Changanya kishikizo kikiwa bado na moto wa kustahimilika mkononi. Kipimo cha maji ni huu: bana konzi moja kwa nguvu. Maji yakichuruzika kati ya vidole, umezidisha. Donge likisambaratika ukifungua kiganja, ongeza. Likibaki zima, na ukiliangusha kutoka usawa wa kiuno likagawanyika vipande vichache badala ya kuwa vumbi, tayari.

Hatua ya 6: Shindilia

Unaweza kuanza na kipande cha bomba na mti wa kushindilia. Mashine ya mkono ya kusagia nyama, ikiondolewa kisu chake, hutoa vijiti vilivyobanwa vizuri. Mashine za parafujo zinazoendeshwa kwa mota ni za kazi kubwa. Chochote utakachotumia, briketi ndogo hukauka na kuwaka upesi, kubwa hudumu. Zile kubwa ziachie tundu katikati ili hewa ipite.

Hatua ya 7: Kausha tena

Siku ya kwanza kivulini penye upepo, kisha juani, juu ya chanja ili hewa ipite chini. Kwa kawaida ni siku tatu hadi saba. Jua kali mapema hukausha ganda la nje huku ndani kukiwa kubichi, na nyufa hufuata. Penye unyevu mwingi, briketi za wanga huota ukungu mweupe. Zigeuze mara kwa mara na usizirundike. Uzito usiposhuka tena kwa siku mbili mfululizo, zimekauka.

Pima kabla ya kuwapa watu

Angusha briketi kutoka urefu wa mita moja juu ya sakafu ngumu. Ikimeguka pembe tu, sawa. Kisha choma gramu 100 hadi yabaki majivu matupu, upime. Yakizidi gramu 30, kuna mchanga, udongo au makapi ya mpunga kupita kiasi. Mwishowe chemsha lita moja ya maji kwa uzito uleule wa briketi na wa mkaa wa kawaida, ulinganishe muda. Mkaa mzuri wa miti una megajuli karibu 28 hadi 30 kwa kilo. Briketi nyingi huangukia kati ya 18 na 25. Anayekuahidi kwamba zake zinashinda mkaa wa miti kwa joto, mwombe aoneshe vipimo.

Moshi ukitoka jikoni, mkaa haukuiva. Briketi ikizimika kabla ya kuisha, ni mbichi au ina majivu mengi. Ikibomoka, rudi kwenye uji wako.

Ikiwa malighafi yako ni mbichi: gesi

Magugu maji, majani laini, nyasi changa na mabaki ya bustani yanaingia hapa. Vyenye ubao havifai, kwa sababu bakteria wa mtambo hawawezi kuila lignini. Itaelea tu na kujaza nafasi.

Katakata vipande vya sentimita mbili au tatu, viponde, uviache vianze kuoza kwa siku chache. Changanya na samadi mbichi ya ng'ombe, hasa mara ya kwanza, kwa kuwa matumbo ya ng'ombe yana bakteria haohao unaowahitaji. Uwiano wa kaboni na naitrojeni uwe kati ya 20 na 30 kwa moja: nyasi zilizokauka zina kaboni nyingi mno, samadi husawazisha. Tope liwe la kumiminika, lijaze mtambo usioingiza hewa kabisa. Joto linalofaa ni karibu nyuzi 35. Likishuka chini ya 20, kazi hulegea sana. Kiwango cha pH, yaani kipimo cha uchachu, kiwe kati ya 6.8 na 7.5. Kikishuka, acha kulisha kwa siku kadhaa, usiongeze chakula ukidhani bakteria wana njaa.

Gesi ya kwanza ni kaboni dioksidi tupu karibu yote, haiwaki. Iachie itoke. Baada ya wiki mbili hadi nne methani itapanda hadi asilimia 50 au 65, na hapo mwali utatulia. Jaribu moto kwenye jiko lililo mbali, kamwe si mdomoni mwa mtambo, maana methani ikichanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15 hulipuka. Ipitishe gesi kwenye bomba lililojazwa nyuzi nyembamba za chuma zilizoshika kutu ili ziondoe haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, ambayo ni sumu na hula majiko. Kilo moja ya mmea mkavu, kwa hesabu ya kawaida, hutoa lita 200 hadi 300 za gesi. Koroga kila siku, la sivyo utando mgumu utajifunga juu.

Tope linalotoka ni mbolea nzuri. Lakini magugu maji hufyonza metali nzito kutoka maji machafu, na yakitoka ziwa au mto unaopokea maji ya viwanda, tope lake lisiende kwenye mboga.

Mbegu za mafuta zisizoliwa

Mbono kaburi una mbegu zenye mafuta takriban theluthi moja ya uzito wake, nayo ni sumu kwa binadamu na mifugo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulisifiwa kwamba utazaa vizuri kwenye ardhi kame. Unaishi kwenye ardhi kame, ni kweli, ila kuzaa kwa wingi huhitaji maji na rutuba kama mimea mingine. Kampuni ya mafuta ya BP iliingia ubia wa mbono na D1 Oils, kampuni ya dizeli ya mimea, mwaka 2007, ikajitoa 2009. Ukiwa nao kama ua wa shamba, kamua mbegu kwa taa au sabuni. Usipande shamba zima.

Na ethanoli?

Henri Braconnot, mkemia Mfaransa, aligeuza selulosi kuwa sukari kwa asidi ya salfuriki mwaka 1819, kwa hiyo siri haiko kwenye kemia. Ugumu uko kwenye mlolongo. Unapasha mabua kwa mvuke au asidi kwenye nyuzi 160 hadi 200 chini ya shinikizo, unaigeuza selulosi yake kuwa sukari kwa vimeng'enya kwenye nyuzi 50 hivi, unachachusha, kisha unakeneka. Hamira ya kawaida haili zailosi, sukari inayotoka kwenye hemiselulosi. Na gramu moja ya glukosi, hata mambo yote yakienda sawa, haiwezi kutoa zaidi ya gramu 0.51 za ethanoli. Mchachuko wa mabua huwa mwepesi, kwa hiyo unachemsha maji mengi kupata pombe kidogo. Tumerudi kwenye zile megajuli 2.6.

Kampuni ya Abengoa ilifungua kiwanda cha namna hii Hugoton, Kansas, mwaka 2014, na DuPont ikafungua chake Nevada, Iowa, mwaka uliofuata. Kufikia mwisho wa 2017 kimoja kilikuwa kimefilisika na kingine kimetangazwa kuuzwa. Hao walikuwa na wahandisi, mitaji na mabua ya bei nafuu yaliyowazunguka. Ongeza kwamba katika nchi nyingi kukeneka kileo bila leseni ni kosa, hata kama unakitia kwenye jiko. Mabua yako yakaushe, uyapeleke kwenye pipa.